Mke Mwenza wa Ukutani

Mtaani walimwita Mama Chaki, maana hata siku ya harusi ya mdogo wake alionekana na vumbi jeupe chini ya kucha. Alifundisha darasa la kwanza tangu ujana wake. Watoto walimpenda, naye alizoea kupendwa, kama mtu anavyozoea kiti chake.

Ndipo shule ikaleta runinga kubwa, ikatundikwa kando ya ubao. Ndani yake mlikuwa na masomo ya kusoma yaliyorekodiwa, na aliyechaguliwa kuyafundisha alikuwa mwalimu wa darasa la pili, rafiki yake wa chanda na pete. Mwenzake alipakwa poda, akafungwa kilemba cha njano, akasimamishwa mbele ya kamera. Mama Chaki akakabidhiwa rimoti.

"Nimeletewa mke mwenza," aliwaambia walimu ofisini, "tena wa kutundikwa. Hazeeki, hakohoi, wala hatoki jasho!"

Walimu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mke mwenza mwenyewe alikuwa mtamu. Anaonyesha neno, anauliza, "Haya wanangu, hapa pameandikwa nini?" Ananyamaza kidogo, kisha anatabasamu: "Vizuri sana!" Watoto wanajipigia makofi. Hilo la "wanangu" lilimkwama Mama Chaki kooni kama mwiba wa samaki. Wanao tangu lini?

Asubuhi moja aliingia na chaki mkononi. Kitoto cha dawati la mbele kikauliza, "Mwalimu, leo humwashi mwalimu?"

"Kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni mwalimu wa kuwasha."

Tangu siku hiyo akawa anakaa nyuma ya darasa, rimoti mapajani, akimtafuta mwenzake kasoro kama mtu anayechambua mchele. Mara kilemba kimepinda, mara anacheka mno.

Katika kuchambua huko, macho yake yakaangukia kwa binti wa fundi cherehani, aliyekaa dirishani. Runinga ilipouliza, binti alichezesha midomo tu, sauti hakuna. "Vizuri sana!" ikasema runinga. Binti akatabasamu, akajipigia makofi.

Wenzake walipotoka kucheza, Mama Chaki alimwandikia ubaoni neno lilelile la runinga: nyumba. "Soma, mama."

Binti akatazama ubao, akageukia runinga iliyozimwa. "Yule hunisifu kabla sijasema," akanong'ona.

Moyo wa Mama Chaki ukaruka kwa furaha, kisha akaona haya. Mtoto hajui kusoma, yeye anashangilia!

Haya hiyo haikumzuia kwenda kwa mwenzake. "Shosti, wewe unasifia hata walionyamaza."

Mwenzake aliweka kalamu chini. "Ulidhani nawaona? Mbele yangu palikuwa na ukuta na mtu wa taa. Naambiwa nyamaza kidogo, halafu sifia. Wewe unaziona nyuso zao, bado unanionea wivu? Mimi ndiye ninayekuonea wivu."

"Usinibembeleze."

"Nani anakubembeleza? Huko darasani kwangu wananiuliza kilemba kiko wapi. Wanasema yule wa ukutani hafoki."

Mama Chaki alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini wivu si kikohozi, haukutoka kwa kicheko kimoja.

Kesho yake runinga ilipouliza, alibonyeza rimoti. Mwenzake akaganda, mdomo nusu wazi.

"Mwalimu, umemgandisha!" darasa likapiga kelele.

"Atasubiri. Ana haraka ya kwenda wapi, naye ametundikwa?"

Akapita dawati kwa dawati, akitega sikio kwenye kila mdomo. Kwa binti wa fundi alichuchumaa. Mtoto akaanza, akakwama, akashikwa kidole, wakaanza tena pamoja. Mwishowe sauti ikatoka, nyembamba kama uzi wa baba yake: "Nyu-mba."

Mama Chaki akainua rimoti. Kidole kikasita. Sifa hii nayo aichukue yule?

"Vizuri sana, mwanangu," akasema yeye kwanza. Ndipo akabonyeza.