Udongo Mgongoni

Kwetu Misikhu, mieleka ya watoto haikuwa na refa. Wawili wakimaliza kuvutana, mtu mzima aliyekuwa karibu aliwageuza na kuangalia migongo yao. Mwenye udongo mgongoni ameshindwa, aende akakae. Hakukuwa na rufaa. Mtu mzima huyo mara nyingi alikuwa baba yangu, na kila aliponigeuza hakupata hata jani la nyasi.

Nilimwangusha kaka yangu, nikawaangusha na marafiki zake, na Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha nikaanza kuota matiti. Siku moja akaingia katikati ya mchezo, akanikamata mkono na kunivuta hadi jikoni mbele ya watu wote, akisema msichana haonyeshi watu miguu. Kaka yangu, niliyekuwa nimemlaza chini dakika hiyohiyo, alibaki uwanjani. Hasira ya siku ile sijawahi kuimaliza, na sijui kama nataka kuimaliza.

Siku hizi nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka la mtu mjini Kitale. Mteja mmoja aliniambia kuna mama anayefundisha judo katika ukumbi wa kanisa, nami nikaenda jioni hiyohiyo, hata nguo za kubadilisha sikuwa nazo. Walikuwa wametandaza magodoro makuukuu na kuyafunika kwa turubai lililokazwa kwa kamba. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na subira iliyonikera tangu siku ya kwanza.

Nilishika haraka kila alichofundisha isipokuwa mbinu moja, ile ya kujiangusha mwenyewe. Unamshika mwenzako kola, unaketi karibu kabisa na miguu yake, unaweka wayo tumboni mwake, halafu unalala chali, na uzito wake mwenyewe unampitisha juu ya kichwa chako. Mwalimu alisema mimi ni mfupi na wasichana wa uzani wangu ni warefu, kwa hiyo bila mbinu hiyo nisijisumbue kwenda mashindano ya Bungoma. Nami nilitaka Bungoma kuliko kitu chochote. Baba angeweza kufika pale kutoka nyumbani, akakaa akanitazama, na safari hii asingeruhusiwa kuingia katikati kunivuta mkono.

Mwili ulikataa. Kila nilipoketi, kiuno kilijipinda chenyewe, nikaangukia bega, na mwenzangu akanilalia kama gunia la mahindi. Nililia kwa hasira mbele ya watoto wa shule waliokuja kujifunza. Mwalimu akaniuliza naogopa nini. Nikamweleza habari ya Baba na udongo, nikidhani atanionea huruma.

"Huyo wa kuangalia mgongo hayuko hapa," alisema. "Si ulale tu?"

Nilimchukia. Nikamshika kola yeye mwenyewe, nikalala chini kwa chuki yote niliyokuwa nayo, mgongo mzima ukagonga turubai, na nikaona nyayo zake zikipita juu ya uso wangu. Akaamka, akakaza mshipi wake, akasema turudie.

Siku ya mashindano Baba alikuja na kaka yangu, wakaketi karibu na mlango. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kwenye fainali nilipewa msichana mrefu kutoka Cheptais, akanisukuma mpaka ukingoni mwa mkeka. Nikamshika, nikaketi, nikalala. Alipaa, akatua chali, na refa akainua mkono juu kabisa. Nilikuwa nimeshinda. Nilipoinuka kuutafuta uso wa Baba, niliona mgongo wa koti lake ukitoka mlangoni, na kaka yangu akimfuata.

Aliniona nimelala chali, basi. Hata pumzi moja hakungoja.

Kesho yake nilienda nyumbani na medali mfukoni, nikakuta habari zimenitangulia. Majirani walinipa pole. Shangazi yangu alinishika mkono, akasema hata kujaribu ni vizuri. Niliingia ndani nikiwa nimeuma meno, nikaiweka medali mezani mbele ya Baba. Aliitazama, akasema siku hizi kila mtoto anapewa zawadi ili asilie.

"Usijali, mama," aliongeza, kwa upole ulioniunguza zaidi. "Niliona mwenyewe. Mgongo yako ilifika chini."

Nilimwita kaka yangu uani, nikamwambia anishike kama zamani. Sasa ni baba wa watoto na ana kitambi. Alicheka, akamtazama Baba aliyekuwa ametoka na kusimama mlangoni, kisha akanishika na kuanza kunisukuma. Nikaketi, nikalala kwenye udongo wenye kinyesi cha kuku, na kaka yangu akapita juu yangu, akaangukia kando ya mahindi yaliyoanikwa. Alikaa pale akipapasa kiuno.

Baba akashuka uani na kufanya kile alichojua. Alimgeuza kaka yangu, akaona udongo. Akanigeuza mimi, akaona udongo. Akasimama katikati yetu, mikono ikining'inia.

"Nani alianza kuanguka?"

"Mimi."

"Uliteleza?"

"Hapana, Baba. Nilitaka."

Nilingoja aseme msichana halali chini mbele ya watu, na jibu lake nilikuwa nimelitunza tangu utotoni. Badala yake nikahisi kiganja chake mgongoni kikipangusa udongo, taratibu, kuanzia mabegani. Kabla ya leo hakuwa amenigusa tangu siku ile ya kunivuta jikoni. Kaka yangu alibaki na udongo wake. Nilikuwa bado nimekasirika, tena sana, na sikusogea mpaka alipomaliza.