Gemu ya Pili na Dada Yangu

Nilipomaliza shule niliajiriwa katika duka la spea za magari mjini Nakuru. Mwenye duka alikuwa Mhindi, na mwanawe wa rika langu ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa karibu. Jumapili alasiri, duka likiwa limefungwa, tulipanda kwao ghorofani kucheza gemu ya mbio za magari. Ile ya kwanza niliijua kama njia za mtaa wetu wa Rhonda. Katika kila kona ya mji wa gemu ile nilijua pa kukanyaga breki na pa kuachilia. Rafiki yangu alizoea kushindwa hata akawa anawaita binamu zake waje wanitazame, nami nilipenda kutazamwa.

Mwaka wa 2007 mjomba wake alikuja kutoka Uingereza na mashine mpya, pamoja na gemu ya pili. Jumapili hiyo nilikuwa nimeandamana na dada yangu mdogo, tukitoka kanisani.

Gemu ilipofunguka sote, binamu nao, tulisogelea skrini. Hapakuwa na mji mmoja tena, bali nchi nzima: milima, mashamba, jangwa, na ungeweza kuacha lami popote ukakata mbuga. Mvua ilinyesha, matone yakakimbia juu ya kioo. Ukigonga ukuta, boneti ilikunjika na kubaki hivyo. Nilishika kontrola kwanza, kama kawaida, nikafuata lami kwa uangalifu wangu wote. Nikashika mkia.

"Hebu nijaribu," dada akasema.

"Hii si ya kujaribu," nikamjibu, lakini rafiki yangu alikuwa ameshampa kontrola.

Hakujua hata breki iko wapi. Aliingia mtaroni, akacheka, akatoka. Halafu, magari mengine yalipokunja kuzunguka mlima, yeye aliachana na barabara, akaupanda mlima wenyewe, akateremkia upande wa pili mbele ya wote.

"Ai! Hiyo njia umeionea wapi?" rafiki yangu akapiga kelele.

"Si iko tu hapo," dada akasema. "Nani amesema lazima tufuate lami?"

Binamu walishangilia. Mimi nilienda kusimama dirishani. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu nikifungua duka rafiki yangu alikuwa na swali moja: "Sasa, sister atakuja Jumapili?"

Nikaanza kuitafutia gemu makosa, na yalikuwepo, sikuyazua. Nchi ilikuwa kubwa lakini tupu. Uliendesha kitambo kirefu bila kuona hata mama mmoja anayechoma mahindi kando ya barabara. Gari zito lilipinda kona kama jepesi. Polisi walionitoa jasho katika gemu ya kwanza walikuwa wameondolewa. Na ile sifa kubwa, ya kushindana na watu wa dunia nzima kupitia intaneti, kwetu ilikuwa bure; intaneti ya Nakuru siku hizo ilitosha kusomea barua pepe, tena kwa subira.

Nilimweleza rafiki yangu haya yote tukipanga fenibelti kwenye rafu.

"Ni kweli," akasema. "Mbio za ile ya kwanza zilikuwa kali zaidi. Lakini boss, hii huipendi kwa sababu sister anakuchapa."

Nikachukua boksi jingine la fenibelti nikaendelea kupanga.

Kisha uchaguzi ukaja, na baada yake vurugu. Duka lilifungwa, tukajifungia nyumbani. Mama aliwaingiza watoto wa majirani kwetu, na dada akawa anawasimulia ile gemu ili wasisikilize kelele za nje. "Sasa tunashuka mlima wa theluji," alikuwa akisema. "Kushoto kuna reli. Tusiifuate, tukate hapa msituni." Watoto walitulia kabisa. Mimi niliketi karibu na mlango, nikiwa na hofu kama kila mtu, na bado katikati ya hofu hiyo wivu ulipata pa kukaa. Alikuwa na nchi nzima kichwani.

Mtoto mmoja akanigeukia. "Na wewe unajua kuendesha?"

"Huyu ndiye bingwa wa ile gemu ya mjini," dada akasema haraka. "Mimi kwa mjini simwezi."

Alisema kwa moyo safi. Ningependelea anicheke.

Hali ilipotulia mama alimpeleka dada Ndabibi kwa shangazi, akapumzike. Duka likafunguliwa. Jumapili ya kwanza nilipanda ghorofani peke yangu, hatua zangu nyepesi. Rafiki yangu alinikumbatia, akaniuliza habari za nyumbani, tukacheza gemu ya kwanza kwa ombi langu. Nilimshinda kama zamani. Akapiga mwayo.

"Tuweke ile ya pili, basi," nikasema. "Imebaki mbio ya mwisho, si ndiyo?"

"Hiyo tusiiguse," akasema. "Namwekea sister."

Dada alirudi wakati wa mvua, akaimaliza mbio hiyo alasiri moja, binamu wote wakiwa wamesimama nyuma yake. Nilikuwepo. Nilipiga makofi pamoja nao, nikashuka chini kabla chai haijaletwa.