Nilimwambia mama apande kwa ramani ya setilaiti, mbegu yake ikaisha

Wakuu, salaam kwenu. Naandika kama ilivyotokea, sijipambi.

Miaka ya tisini, soko limefunguliwa, wenzangu wanavuka mto Songwe kufanya biashara Malawi. Mimi nikapata kibarua kwa mtafiti mgeni aliyekuja Kyela kupima unyevu wa udongo kwa setilaiti.

Udongo mkavu hutoa mawimbi yasiyoonekana, kama ya redio, kwa wingi, wenye maji hutoa machache, na setilaiti inayapokea huko juu.

Kazi yangu ilikuwa huku chini. Nachota udongo kwenye makopo, napima uzito, nakausha kwenye oveni, napima tena. Kinachopungua ndiyo maji.
(Kichwa kilivimba, sifichi. Kata yetu nzima ya Ipyana nilijiita mtaalamu.)

Msimu ule mvua ilinyesha siku mbili, ikakata. Mama yangu, mjane, alikuwa na debe moja la mbegu ya mpunga aliyopewa na mkwewe. Ile inayonukia mpaka jirani anajua unapika. Hakuwa na nyingine.

Nikaona ramani mezani kwa mtafiti. Kwetu kote bluu, yaani udongo umeshiba maji. Akasema data bado hajaisahihisha. Sikumsikiliza.

Makopo yangu mwenyewe yalionyesha ukavu, nikadhani nimekosea kupima! Nani abishane na kitu cha angani?

Nikaenda nyumbani mbio.
"Mama, mwaga mbegu."
Akapiga jembe, akashika udongo. "Mwanangu, huku chini kukavu."
"Setilaiti imeona, mama."
"Haya, ndaga, asante. Wewe ndiye uliyesoma."

Akamwaga debe lote. Ikaota kidogo, jua likawaka wiki tatu, ikakauka yote.

Baadaye nilipomuuliza, mtafiti alinieleza kwamba pikseli moja, yaani kidoa kimoja cha ramani, ni kilomita nyingi. Yetu ilichanganya mashamba na Ziwa Nyasa. Setilaiti ilikuwa imeona ziwa. Niliona aibu hata kumwambia kwa nini nauliza.

Majirani wakamcheka mama, mtu mzima anapandaje udongo mkavu? Akajibu, "Niliharakisha mwenyewe."
Nimesimama pale pale, wakuu. Nikanyamaza.

Alifariki kabla ya msimu uliofuata. Mbegu ile nimeitafuta Busale, Bujonde, hadi ng'ambo Malawi. Sijaipata.

Nilichojifunza: usidharau kipimo cha mkono wako eti kingine kimetoka juu. Na kosa lako likiri wakati aliyekubebea yuko hai. Inaniuma hadi leo.

Mwenye la kusema aseme. Hata mkinitukana nitapokea, maana mama hakunitukana hata siku moja.