Mguu Wangu Kwenye Breki

Mume wangu ni fundi wa magari, na masikio yake yameshachoka. Nyumbani tunaongea kwa mikono na macho. Namshukuru Mungu, hata ugomvi umepungua.

Gereji anayofanyia kazi ni ya mpwa wake, mtoto wa dada yake. Siku hizo kijana huyo alikuwa na wimbo mmoja tu: "Mjomba, fundi asiyesikia gari likilalamika ni fundi gani? Pumzika." Lakini mimi namjua mzee wangu. Akikaa nyumbani atanyauka kama mche uliong'olewa.

Jumanne nilimpelekea chakula, nikamkuta mkunga wa mtaa wetu amelileta gari lake. Linavuta upande wa kulia, na gurudumu la mbele upande huo linapata moto mpaka linanuka. Mpwa alikuwa ameshalifungua asubuhi, akazisukuma pedi za breki nyuma ili azitazame, akafunga tena.

"Breki haijakwama. Tairi linazunguka kama pia," akasema mbele ya watu. "Haya, Mjomba, kagua na wewe. Ukikosea, kesho usije."

Nikamfikishia mzee kwa mikono, nikaomba kimoyomoyo.

Mzee akaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akapiga jeki, akatoa gia. Akalisukuma tairi kwa kiganja. Likazunguka, kweli, kama pia.

"Si nilisema?" Mpwa akacheka.

Mzee hakusikia. Akanigeukia: "Mama watoto, mguu."

Hiyo ndiyo desturi yetu tangu alipokuwa akitengeneza magari uani kwetu: yeye tairi, mimi pedali. Nikavua viatu, nikapanda. Nikakanyaga mara ya kwanza, pedali ikazama. Ya pili, ya tatu, ikawa ngumu. Akainua mkono, nikaachia.

Akalisukuma tena. Nusu mzunguko, likagoma.

"Lete mkono," akamwambia mpwa wake, akakiweka kiganja cha kijana juu ya tairi. "Pedi ulizirudisha nyuma, hukukanyaga breki. Lingekosaje kuzunguka? Diski kunong'ona kidogo ni kawaida. Hii imeshikwa. Unaisikia?"

Mpwa akalisukuma mwenyewe, likagoma tena.

Mzee akafungua. Pini moja, ile ambayo kalipa inayobana pedi huteleza juu yake, ilikuwa imekauka kwa kutu. Akaisugua taratibu kama anayemwosha mtoto uso, akaipaka grisi, akafunga. Nikakanyaga tena, nikaachia. Tairi likaenda mizunguko miwili na zaidi, likinong'ona tu.

Mkunga akaendesha mpaka barabara kuu na kurudi, akasogeza kiganja karibu na rimu. "Vuguvugu tu! Mungu akuweke, fundi."

Mpwa akajikuna kichwa. "Mjomba, kesho saa mbili."

Mzee akanitazama. Nikamwonyesha vidole viwili, kisha nikaigiza mtu anayefungua nati kwa spana.

"Saa mbili?" akasema, akifuta mikono. "Mwambie mimi saa moja niko hapa. Anayechelewa ni yeye."