Mashua ya Ipuli Ilivyomwacha Fundi Wake Igalula

Je, Bwana Miti alijua? Nimejiuliza swali hili kwa miaka mingi na mpaka leo sina jibu. Kama alijua kwamba shemeji yangu Maganga alikuwa akijiandaa kusafiri naye hadi Ulaya, basi alimdanganya kwa miaka sita. Kama hakujua, mdanganyifu ni mwingine, na huyo mwingine namfahamu vizuri kuliko ninavyopenda. Nawaandikia ninyi wa nyumbani, mliosikia habari hii vipande vipande na kuicheka.

Nilitoka Nzega siku ya Jumatano, nimeketi juu ya marobota ya pamba katika lori lililokuwa likienda Tabora. Shule niliyokuwa nikifundisha ilikuwa imefungwa. Bwana Miti, Mwingereza aliyesimamia misitu ya upande wetu, alikuwa anastaafu, na mashua ya tanga iliyoundwa nyuma ya nyumba yake huko Ipuli ilikuwa tayari kupakiwa kwenye treni. Ikifika Dar es Salaam ingesimamishwa mlingoti na kutwekwa matanga, kisha ingepanda Bahari ya Shamu, ivuke Mfereji wa Suez na kuendelea mpaka kwao. Kiswahili cha Bwana Miti kilikuwa cha kuamrisha tu, kwa hiyo aliniomba nifuatane nao hadi pwani kama mkalimani wake.

Wazungu wa Tabora walisema mashua ile aliiunda yeye. Huo ni uongo, na wala si uongo mdogo. Yeye alileta michoro na kukaa kitini. Aliyepasua mbao za mninga, akazikunja kwa mvuke wa pipa na kuzipigilia moja baada ya moja kila jioni baada ya kazi, ni Maganga, seremala, mume wa dada yangu Kalunde.

Tabora niliwasili alasiri, nikaenda moja kwa moja Ipuli. Nilimkuta Maganga anamimina maji ndani ya mashua, ndoo baada ya ndoo, na majirani wamejipanga kwenye ua kama watu walioalikwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mwalimu. Pokea ndoo, elimu haitalowa."

Mama mmoja jirani akanigeukia. "Baba, wewe uliyesoma tueleze. Vyombo vya wenzetu maji huwa nje. Cha shemeji yako maji yako ndani. Atasafiri amekaa wapi, juu ya paa?"

Watu wakacheka, na Maganga akacheka nao. Alinieleza kwamba kiangazi cha Tabora hukausha mbao mpaka zikaachana. Pamba na lami alizozishindilia kwenye nyufa zisingetosha kama mbao zenyewe hazikunywa maji na kuvimba kabla ya kufika baharini. Hakuwahi kuiona bahari. Yote hayo aliyapata kwa kuuliza, kwa kukosea na kurudia.

Alhamisi nzima alinionyesha maandalizi ya mfereji, na hapo ndipo moyo unaponiuma ninapokumbuka. Alikuwa na kamba nne ndefu, kila moja imeviringwa na kutundikwa kwenye msumari wake. Alikuwa na matairi ya lori aliyoyashonea magunia, ili mashua isikwaruzwe na kingo au na meli kubwa. Mbele kabisa alikuwa ametengeneza kiti cha mbao cha kushikilia taa kubwa, kwa sababu kitabu cha Bwana Miti kilisema vyombo vya mfereji huhitaji taa. Kisha akachukua kamba, akaitupa kutoka mashuani hadi kwenye nguzo ya ua. Ikanasa mara ya kwanza.

"Huko kamba hurushwa mara moja tu," alisema. "Ukikosa, umeaibisha chombo."

Bwana Miti alikuwa barazani akinywa chai. Aliona kila kitu, akapiga makofi. Nisisitize hapa: alipiga makofi.

Dada Kalunde alikuwa amemshonea mumewe koti la sufu kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Jumapili iliyotangulia, wazee wa kanisa walikuwa wamemsimamisha Maganga mbele na kumwombea safari njema. Pale Ipuli hapakuwa na mtu asiyejua kwamba Maganga anavuka mfereji.

Ijumaa asubuhi mashua iliondoka Tabora juu ya behewa la wazi, mlingoti umelazwa kando yake. Bwana Miti alipanda daraja la kwanza, sisi tukapanda la tatu. Reli hapo inafuatana na njia ya zamani ya misafara, na nje ya dirisha kila kichaka kilinikumbusha babu zetu waliopita pale na pembe za ndovu mabegani. Sikuwa na hasira bado. Nilikuwa na majivuno.

Igalula tulisimama muda mrefu kuliko kawaida. Kabari za mbao zilizoishikilia mashua zilikuwa zimeteleza, na gadi wa treni, Mzaramo mwenye mdomo mwepesi, akaamuru behewa likatwe na kuachwa kituoni mpaka mzigo ufungwe upya.

"Watani zangu Wanyamwezi," alisema, "tangu enzi za babu zenu mnapeleka vitu vya watu pwani. Nyinyi wenyewe mtaondoka lini?"

"Safari hii naondoka mimi, mtani," Maganga akamjibu. "Nitakuletea chumvi ya Suez, maana ya kwenu haikolei."

Gadi akacheka mpaka akashika kofia. Treni ikaenda zake. Tulilala kituoni, na Bwana Miti akalala kwa mkuu wa stesheni.

Jumamosi asubuhi Bwana Miti alinijia na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya mabaharia: yeye, mpwa wake na rafiki yake. Ya pili ilikuwa barua ya sifa kwa Maganga. Ilimwita "boi wangu mwaminifu".

"Msomee," aliniambia kwa Kiingereza. "Na umweleze kuwa akishasimamisha mlingoti atapewa tikiti ya kurudi."

"Na mfereji je?"

"Mfereji gani?"

"Alipokuwa akitupa kamba pale uani, ulidhani anafanya nini?"

"Nilidhani anajifurahisha. Watu wenu wanapenda michezo."

Nilimkumbusha ahadi aliyoitoa miaka sita nyuma, mimi nikiwa mkalimani. Akanitazama kwa utulivu ambao sijausamehe hadi leo.

"Nilisema atakuwa na mashua mpaka ikamilike. Wewe ulimwambia nini?"

Nililikumbuka neno lenyewe: "see her through". Kwa Kiingereza linaweza kuwa na maana ya kusimama na kazi hadi mwisho wake, na mtu akitaka anaweza kulisikia kama kuvuka na chombo. Siku ile nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, shemeji yangu ananitazama usoni, nami nikamwambia, "Anasema utavuka nayo."

"Anasemaje?" Maganga aliuliza sasa.

Nikatafsiri, safari hii neno kwa neno, pamoja na "boi".

Akachukua nyundo na kuzipiga kabari zote upya, moja moja, bila haraka. "Mashua haina kosa," alisema. Alipomaliza alibeba sanduku lake la zana.

"Mlingoti atausimamisha nani?" Bwana Miti aliuliza.

"Mwambie boi wake hajui."

Tulirudi Tabora kwa miguu, kwa njia ileile ya misafara, sanduku tumelitundika kwenye mti mabegani petu. Koti la sufu alilivaa ili lisimlemee mkononi, na jua lilikuwa kali. Tulitembea mwendo mrefu ndipo akauliza.

"Lile neno, ulilisikia au ulilitunga?"

"Nililichagua, shemeji."

Hakugeuka. "Kesho ni Jumapili. Watu wataniuliza kwa nini nimerudi, na mimi sitajibu."

Nilitaka kumwambia kwamba yule mzungu aliona na kunyamaza, kwamba alivuna jioni za miaka sita kwa matumaini ambayo neno lake moja lingeyakata. Hayo yote ni kweli, na nayasema hapa bila kuyapunguza. Lakini kule njiani nilijifunza kuwa hasira yangu kwa Bwana Miti, pamoja na haki yake yote, ilikuwa pia pahali pazuri pa kujificha. Nikamwambia, "Nitajibu mimi."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya mahubiri, nilisimama mbele ya watu wa Ipuli. Nililitamka neno la Bwana Miti kwa Kiingereza, nikaeleza maana zake mbili, kisha ile niliyoichagua na sababu ya kuichagua. Dada yangu Kalunde, aliyekaa benchi la pili, alinikazia macho mpaka nikaketi.