Shikamoo Iliyojibiwa kwa Jicho

Andika, mjukuu wangu, wala usinisahihishe. Baba yangu alikuwa mvuna chumvi wa Gongoni. Mama yangu alikuwa msuka mikeka wa Malindi, mji wa kale. Mimi nilizaliwa Gongoni, ambako hata machozi ya mtoto hayakumshangaza mtu kwa ladha yake. Majina ya wazee wangu utayataja katika dua. Karatasi haina haja nayo. Skuli niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo kichwani, na kwa yale niliyoyaona kwa waliotoka ndani yake, sikupungukiwa sana.

Haya, tumwingie baba yako, maana ndiye watu wanayemtaka. Hajaja mtu mlangoni mwangu kuuliza habari za mvuna chumvi.

Kabla hujazaliwa, watu wa kamera walishuka kutoka Nairobi wakitafuta kijana mwenye sura. Sura alikuwa nayo, nilimzaa mimi. Adabu alikuwa nayo pia, kwa kuwa niliitia kwa ufito. Katika nyumba yangu hapakuwa na mtoto aliyemeza tonge kabla ya kumwamkia kila aliyemzidi umri, hata kama aliyemzidi alikuwa amelala.

Katika filamu ile ya kwanza alitakiwa akutane na msichana aliyefuatana na babu yake. Amwamkie babu, kisha amgeukie binti amwite mpenzi. Kazi gani hiyo? Lakini kamera ilipomwelekea, hofu ikamshika, maneno yakapandana, akamtazama binti wa watu usoni na kusema, "Shikamoo, mpenzi." Hapa pwani shikamoo hupewa mkubwa. Anayempa mchumba wake ama ameposa shangazi yake, ama ana homa. Mwenyewe alishtuka, akaweka mkono kifuani na, asijue la kufanya, akakonyeza jicho. Bwana mwenye kuongoza filamu alicheka hadi akaketi mchangani, akaamuru kosa lile lisifutwe. Basi mwanangu akawa maarufu kwa kukosea.

Nawe wajua yaliyofuata, maana umekuta mabaki yake. Wasichana wa skuli walibandika picha yake ndani ya vifuniko vya masanduku yao. Wakija nyumbani kwangu kuomba hata shati lake bovu, niliwapa ufagio, wakafagia ua, wakashukuru. Akacheza filamu baada ya filamu, na katika zote alikuwa mwanafunzi wa miaka kumi na saba. Ndevu zilipoota, walizinyoa. Kitambi kilipoanza, walikifunga kwa kitambaa. Alipomwoa mama yako waliomba siri, watazamaji wasivunjike moyo. Alipokuzaa wewe waliomba tena. Alikuwa baba wa mtoto anayetambaa, na bado anavaa kaptura ya skuli kazini. Kisha siku moja wakamtazama vizuri juani, wakamshukuru kwa heshima zote, wakatafuta kijana mwingine. Tangu hapo anauza mapazia hapa Malindi. Watu husema ameanguka. Mimi sioni. Zamani alisimama mbele ya pazia, sasa anasimama nyuma ya mengi.

Filamu zilikwisha, ila ile shikamoo haikwisha. Wanawake wenye wajukuu walimpungia mkono sokoni: "Shikamoo, mpenzi!" Watoto wa chuo cha Kurani walimpigia kelele, wakakimbia. Yeye huweka mkono kifuani na kukonyeza, kwani asipofanya hivyo huambiwa ana kiburi. Siku tuliyomzika babu yako, mtu mzima mwenye kanzu safi alimpa mkono wa rambirambi, akasogeza kichwa karibu, akamwomba akonyeze kidogo tu. Akakonyeza. Nilimwona, macho yake yakiwa yamejaa maji. Ndevu zikaingia mvi, na katika mji huu mzima hapakuwa na mtu, hata wewe, aliyempa shikamoo ya kweli, akangoja marahaba. Naye neno hilo la kujibu likampotea ulimini.

Ndipo ukaja wewe na kijana wako wa Kilifi. Uliniambia ukikosa huyu hutaki mwingine. Nilikwambia maneno hayo nimeyasikia kwa wasichana wenye picha masandukuni. Ukalia, nikajua si mchezo. Watu wake ni wafanyabiashara wa zamani, na ami yake hupima watu kwa salamu kuliko kwa mali. Walipokuja kuleta posa, baba yako, ndiye walii wa kukuoza, alivaa kofia ya marehemu babu yako. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, tukichungulia nyuma ya pazia, la dukani kwake, lenye maua yasiyoota popote duniani. Nawe ulinishika mkono ukanibana hadi pete ikaniuma.

Siku hizi mposaji huja mwenyewe, kana kwamba posa ni samaki wa kuchagua. Kijana akaingia, akainama mbele ya baba yako: "Shikamoo, baba."

Hapo shangazi mmoja wa kijana, aliyeketi nasi, akashindwa kujizuia, akacheka kwikwi. Kicheko kile kikatosha. Mkono wa baba yako ukapanda kifuani. Jicho moja likakonyeza.

"Amemkonyeza!" ami akasema. "Jamaa, mtoto wetu ametoa shikamoo, amerudishiwa kope!"

"Ami, labda ni mdudu," kijana akasema.

"Mdudu wa jicho moja? Inuka. Hatuoi kwa mtu asiyejua kuwa amekua."

Nikasikia kiatu kikiburutwa sakafuni. Wewe ukaniachia mkono, na hilo lilinitisha kuliko kunibana. Nikalivuta pazia, nikasimama pale ambapo mwanamke wa rika langu hasimami siku ya posa.

"Mwanangu," nikamwambia baba yako, "shusha mkono. Kijana huyu hakukata tikiti ya sinema. Amekuja kutaka mke. Mjibu."

Akanitazama kama alivyonitazama alipokuwa akingoja ruhusa ya tonge. Ami alikuwa na kiatu kimoja mguuni. Ndipo kijana wako, nami tangu hapo simsemi vibaya sana, akainama mara ya pili, chini zaidi.

"Shikamoo, baba."

"Mara..." akakwama. "Marahaba. Marahaba, mwanangu."

Haikuwa sauti ya filamu. Ilikuwa sauti ya babu yako, nzito, yenye mikwaruzo, sikujua alikuwa ameiweka wapi. Ami akauangalia mguu wake, akakivua kile kiatu.

"Sasa," akasema, "amepatikana mtu mzima wa kuzungumza naye." Halua ikaletwa.

Basi sikiliza cha kuweka, wewe unayekwenda kwa watu. Kanda za filamu waachie wenye kuzitaka. Ile picha yake kubwa ya kaptura usiihamishe. Inaziba ufa jikoni, ndiyo kazi yake ya kwanza ya maana. Chukua kofia ya babu yako, uifunge kwa kitambaa kikavu. Na wanao, Mungu akikujaalia, wafundishe kumwamkia babu yao kila asubuhi kwa sauti, wakimtazama usoni, na wasiondoke mpaka ajibu. Akikonyeza, warudie.