Gari Iliyokataa Mikono Yangu

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo mpaka leo sijaiacha nyuma. Nilikuta alama za rangi nyeupe kwenye kila bulon, yaani boliti, ya magurudumu ya nyuma ya gari yetu, zile zinazokatika boliti ikifunguliwa, nikajua kwamba shemeji yangu Ilunga, kaka wa mke wangu, ananichunga kama mwizi.

Gari ile tuliitengeneza sisi wawili, uani kwangu, mtaa wa Manika. Yeye alichomelea mabomba ya fremu, mimi nilifunga injini ya gari ndogo iliyokufa. Viti viwili, bati jembamba, basi. Ilikuwa nyepesi, watu wanne wangeiinua. Polepole ilikwenda kwa adabu. Lakini kwenye lami ya kuelekea Likasi, mwendo ukipanda nami nikiwa kwenye usukani, mkia ulicheza kushoto na kulia mpaka naondoa mguu kwa hofu. Akiendesha Ilunga, ilinyooka. Na kila mmoja aliijaribu peke yake, maana hakuna aliyetaka kufa kwa ajili ya kazi ya mwenzake.

Nikamuuliza juu ya ile rangi. Hakuficha.

“Shemeki, na mi inaendaka muzuri. Na weye tu njo inacheza. Nafikiri unafunguaka kitu, juu tuiuzishe.”

Ni kweli niliwahi kutaka tuiuze. Hapo alikuwa na haki. Na rangi haikuwa imesogea hata kidogo. Hapo haki ilikuwa yangu. Ila wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaanza kumwona yeye ndiye aliyeichomelea vibaya akatafuta wa kumtwika. Kabla ya hapo, usiku mwingine nilikuwa nimewaza labda ni mikono yangu kweli. Sikujua. Nilichojua ni kwamba akisema neno lile mbele ya baba yao, nitakuwa mwizi katika ukoo wa mke wangu, na uchafu wa namna hiyo haufuliki.

Pale pale uani mke wangu Mado alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Alitusikia, akacheka mpaka akaacha mwiko.

“Tata, ile gari iko pepesi sana. Weye unakulaka bukari ya batu babili, Ilunga anakulaka sawa ndege. Juu ya nini munatafuta mwizi?”

Alikuwa anatania tu, nisimpe sifa ambazo mwenyewe alizikataa. Lakini wazo la uzito lilitushika wote wawili. Ilunga akasema, “Ingia. Mi naendesha, weye unakaa pembeni.”

Tukaenda. Mikono yake, uzito wangu. Mwendo ulipopanda, mkia ukacheza vibaya kuliko siku zote. Niliuona uso wake ukibadilika, na sikufurahi kama nilivyodhani.

Gereji zetu zina sheria moja: mtu haketi ndani ya gari inayopimwa. Ni sheria nzuri gari ikiwa juu ya matofali, isije ikamwangukia mtu. Sisi tuliishika hata gari ikiwa chini, tukanyoosha magurudumu kwa kamba, viti vitupu. Siku ile niliketi, Ilunga akavuta kamba upya. Nyuma ilikuwa imeshuka, na magurudumu yake yamefunguka kwa mbele kama miguu ya bata, kila moja likitaka njia yake. Gari nzito ingevumilia mtu mmoja. Yetu mtu alikuwa nusu ya mzigo. Tukayarekebisha nikiwa nimeketi humo humo, Ilunga chini ya chuma akinitukana kwamba napumua sana.

Jioni niliendesha, yeye kando yangu. Mwendo ukapanda, ukapanda. Gari ikashika njia.

Hakuomba msamaha, nami sikumwomba, ingawa tulidaiana wote wawili. Alisema tu, “Endelea, shemeki, usipunguze.”

Basi mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jambo likiharibika mikononi mwa mtu mmoja, usianze kumchunga kwa mbali. Ketini pamoja ndani yake kwanza, mlipime likiwa limewabeba. Nawe ukishukiwa, usijikubalie kosa ambalo hujalipima, wala usimtupie mwingine ili upumue. Mimi nilikaribia kufanya yote mawili.

Mungu akupe mtu atakayekubali kuketi kando yako mwendo ukipanda, na akufikishe nyumbani mzima.